Sakafu ya Kuanikia Mahindi Ikichakaa

Msomaji wa Masinga, je, sakafu yako ya simiti imeanza kumomonyoka? Usirudi kuanika mahindi udongoni. Mwaka 2004 sumukuvu iliyomo katika mahindi iliua watu 125 huko Makueni, Kitui na jirani zake, Machakos ikiwamo.

Si lazima kuvunja yote. Igonge kwa nyundo: palipo na mlio mtupu pabandue, palipo imara paache. Sugua kwa brashi ya waya, osha, kisha uiloweshe usiku kucha. Hapo ndipo wengi hukosea. Mimi mwenyewe, karani, niliwahi kutandika simiti mpya juu ya sakafu kavu saa sita mchana, ikabanduka kama chapati.

Asubuhi fagia maji yaliyotuama, paka uji wa simiti, na kabla haujakauka tandaza mchanganyiko: mfuko 1 wa kilo 50 kwa madebe 6 ya mchanga safi wa mto. Kwa unene wa sentimita 2½ hutosha kama mita mraba 4. Basi ziba palipoliwa tu. Funika kwa magunia, uyaloweshe siku 7. Najua maji huletwa kwa punda. Jaza mapipa kabla ya kununua simiti.