Nywele Zetu na Mkasi wa Kinyozi

Wazee walitwambia kwamba ukiona mwenzako ananyolewa, chako tia maji. Siku hizi neno hilo latumika kumwonya mtu ajitayarishe kwa yaliyo njiani, lakini hata likichukuliwa kama lilivyo, ni shauri jema la kinyozi. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa hunywa maji, ukavimba kidogo na kulainika, hata wembe ukapita bila kuivuta ngozi. Anyolewaye kichwa kikavu hutoka machozi, na mara nyingi hutoka damu pia.

Hayo ni ya wembe. Ama yule ashikaye mkasi, naye ataka kuziacha nywele zikae vizuri juu ya kichwa, yampasa afanye kinyume chake, yaani azikate zikiwa kavu. Nywele zetu za kipilipili zikilowa na kuvutwa hurefuka, na zikikauka hujikunja tena, hata zaweza kurudi nusu ya urefu wake au chini zaidi. Tena hazijikunji zote sawasawa: huenda za utosini zikajisokota sana na za kisogoni kidogo. Kwa hivyo kinyozi akizikata zikiwa maji, zote kwa kipimo kimoja kama akataye majani ya uwanja, mwenye kichwa atafika nyumbani akiwa na vilima na mabonde. Fundi mwenye akili huziosha na kuzichana kwanza, akaziacha zikauke kabisa, ndipo akazinyanyua kwa chanuo, akarudi nyuma hatua moja na kulitazama umbo la kichwa. Kisha hukata kidogo kidogo huku akizunguka. Kazi hiyo yataka saburi, na mteja mwenye haraka hastahili kumlaumu fundi.

Tofauti ya nywele za singa na za kipilipili haianzi juu ya kichwa, bali ndani ya ngozi. Kila unywele huota katika kishimo chake. Kishimo cha unywele wa singa kimenyooka, nao unywele wenyewe ni wa mviringo kama kamba. Kishimo cha unywele wetu kimepinda, na unywele ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonekana umebonyea, wakaribia kuwa kama utepe. Ndiyo sababu hujisokota. Kutokana na hayo yapo mambo mawili ambayo kila mwenye kichwa yafaa ayajue. La kwanza, mafuta ya asili yatokayo katika ngozi huteremka kwa urahisi katika unywele ulionyooka, lakini katika unywele wenye mapindo mengi hukwama njiani, hata ncha zikabaki kavu. La pili, kila pindo ni mahali pa udhaifu, na chanuo likilazimishwa kupita, unywele hukatika papo hapo. Wataalamu waliopima wameona pia kwamba nywele za Waafrika huota polepole, kama milimita 8 kwa mwezi, hali za Wazungu huota kama milimita 12. Basi bibi alalamikaye kwamba nywele zake hazikui, mara nyingi zakua, ila zakatika upesi kama zikuavyo.

Dawa ya hayo haina gharama kubwa. Zichane zikiwa na unyevu na mafuta kidogo, ya nazi au ya mbarika, kwa chanuo lenye meno mapana. Anza kwenye ncha, ushuke kidogo kidogo kuelekea shinani, wala usianze shinani na kuvuta kwa nguvu kama wengi wafanyavyo asubuhi wakichelewa kazini.

Chanuo lenyewe si kitu cha jana. Mwaka 2013 jumba la makumbusho la Fitzwilliam, huko Cambridge, Uingereza, lilifanya maonyesho ya machanuo ya Kiafrika, na ya zamani kabisa yalitoka Misri, kabla ya wafalme wa kwanza wa nchi ile. Hapa kwetu Wamasai walijua habari ya mafuta zamani sana: morani husuka nywele zake ndefu na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu, na ikifika sherehe ya Eunoto mama yake humnyoa zote. Sijui kama yupo kinyozi wa mjini aliye na kazi ya heshima kuliko ile ya mama huyo.

Tamaa ya kuzinyoosha nywele nayo ina historia yake. Huko Marekani alikuwako mwanamke aliyezaliwa mwaka 1867 katika jimbo la Louisiana, jina lake Sarah Breedlove, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Madam C. J. Walker. Alikuwa mfuaji nguo. Nywele zake zilikuwa zikimtoka, akatengeneza marhamu ya ngozi ya kichwa, akaiuza nyumba kwa nyumba, na alipofariki mwaka 1919 alikuwa mmoja wa wanawake weusi matajiri kabisa wa nchi yake. Katika miaka hiyo hiyo Garrett Morgan, fundi wa cherehani, aliuza dawa ya kunyoosha nywele; ndiye yule aliyepata hataza ya chombo cha ishara cha kuongoza magari mwaka 1923. Dawa zilizofuata zilikuwa kali zaidi, na nyingine zina magadi makali yawezayo kuunguza ngozi yakikawia kichwani.

Wala si kuungua tu. Mwaka 2022 wataalamu wa serikali ya Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuata wanawake zaidi ya 33,000 kwa muda wa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba katika kila wanawake 1,000 wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, kama 16 hupata saratani ya mji wa mimba kabla ya kutimiza miaka 70. Katika waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, kama 40. Utafiti huo peke yake hauthibitishi kwamba dawa ndiyo sababu, lakini mtu mwenye binti yafaa aufikiri kabla ya kutoa fedha.

Msusi naye asijione kwamba yu salama. Ni fahari kumwona bibi aliyesukwa mistari iliyonyooka kama matuta ya shamba jema, lakini songo likikazwa hata ngozi ya paji ikavutika, mashina hung'oka polepole. Kwanza hutokea vipele vidogo pembezoni mwa uso, kisha nywele za panjani hupungua, na mwishowe panja hubaki tupu na hazioti tena. Watafiti wa Cape Town walioandika mwaka 2007 waliwakuta karibu theluthi moja ya wanawake wazima waliowapima wakiwa na upungufu wa namna hiyo. Usukaji mzuri hauumi. Mtoto aliaye anaposukwa hana ukaidi. Mkono wa msusi ndio mzito.

Sasa turudi kwa kinyozi, maana mambo yake ni ya afya ya nyumba nzima. Wembe mmoja usipite vichwa viwili. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho yaweza kubeba homa ya ini, na hata virusi vya UKIMWI. Mashine nayo isafishwe kwa burashi na kupanguswa kwa spiriti kila mteja anapoinuka, wala si jioni tu. Mwulize kinyozi wako bila haya. Akikasirika, wapo vinyozi wengine. Mtoto akitoka mapunye, yaani mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatika, marhamu ya kupaka haitoshi, kwa sababu ugonjwa umeingia ndani ya mashina. Humezwa dawa kwa wiki kadhaa kwa amri ya daktari, na machanuo na kofia za watoto wengine zitengwe.

Wanaume wengi husumbuliwa pia na vipele vya kidevuni na kisogoni. Unywele uliopinda ukinyolewa chini kabisa, ncha yake kali hurudi na kuichoma ngozi, nayo ngozi huvimba. Kidevuni hupungua mtu akiacha ndevu fupi badala ya kuzimaliza. Kisogoni yafaa kumwambia kinyozi aache milimita chache, wala asipitishe wembe, hata kama vijana wa siku hizi wapenda shingo ing'aayo. Asiyesikia huviona vipele vikigeuka makovu magumu yaliyoungana, na hapo hakuna marhamu ya dukani iwezayo kuyaondoa. Mara nyingine hubidi yakatwe kwa kisu cha daktari. Aonaye vipele viwili au vitatu na aende hospitali vingali vidogo.