Sakafu ya mbao chumba cha chini: Unyevu kwanza, mbao baadaye

WATU wanaojenga kwenye viwanja vya mteremko mara nyingi huongeza chumba cha chini, ambacho ukuta wake mmoja au zaidi umefukiwa ardhini. Wapo wanaotaka kukiwekea sakafu ya mbao, na swali lao la kwanza huwa ni aina ya mti. Swali hilo lapaswa kuwa la pili.

La kwanza ni unyevunyevu. Zege hufyonza maji kutoka ardhini na kuyapandisha taratibu, hata pale sakafu inapoonekana kavu. Mbao zikiyanyonya maji hayo hutanuka, hubanana na kuinuka. Zikikauka husinyaa na kuacha mianya.

Njia ya kupima haina gharama kubwa. Tandaza kipande cha nailoni sakafuni, bana kingo zake zote kwa selotepu pana, kisha kiache kwa siku mbili. Yakionekana matone upande wa chini, au zege likibadilika rangi, maji bado yanapanda. Ni vyema kupima wakati wa masika. Kinga yake ni mifereji ya kuondoa maji nje ya ukuta, pamoja na nailoni nzito chini ya zege. Kazi hiyo ni nafuu kabla zege halijamwagwa, na ni ghali baada ya hapo.

Ndipo lije suala la mti. Kwa mkazi wa Kwashemshi, wilayani Korogwe, mtiki hauko mbali: shamba la miti la serikali la Longuza limo wilayani Muheza, katika mkoa huohuo wa Tanga. Mtiki, mninga na mvule husifika kwa kutulia zikishakauka na kustahimili mchwa. Paini ni nafuu, lakini huliwa upesi isipotiwa dawa.

Hata hivyo, jina la mti halitoshi. Mtiki mbichi utapinda, ilhali paini iliyokaushwa vema itatulia. Mbao za matumizi ya ndani hukaushwa hadi maji yabaki takribani asilimia 12 ya uzito wa mbao kavu. Muulize muuzaji zilikaushwaje, kisha zipange chumbani kwa wiki mbili kabla ya kuzipigilia, na acha nafasi ya sentimita moja kando ya kuta. Aidha, dai risiti na uhakikishe mbao zina kibali halali cha kusafirishia mazao ya misitu.

Iwapo nailoni itaendelea kulowa, ni afadhali kuweka vigae chini na kupeleka mbao vyumba vya juu. Hakuna mti, hata uwe wa bei gani, utakaodumu juu ya zege lenye maji.