Namna ya kubeba mafanikio

Mahubiri mengi tunayosikia huku Kitshanga yanatufundisha kuvumilia. Si ajabu. Mji ulioona nyumba zake zikiteketea katika mapigano ya mwaka 2013, na ulioishi miaka mingi jirani na kambi la Mungote, unahitaji habari za Ayubu. Lakini tukikaa na Ayubu kila Jumapili, tunamwacha bila fundisho yule ambaye mambo yake yamenyooka: kijana aliyepata diploma ya Serikali na kumwagiwa poda kichwani, mama aliyeanza na bakuli la maharagi sokoni na leo anapakia lori la kwenda Goma, kwaya ambayo kila parokia inaialika. Nao wako katika jaribu, ila hakuna anayewaombea.

Kuna mfalme ambaye mtu wa Masisi angemwelewa upesi. Uzia, katika 2 Nyakati 26, alipenda udongo. Alikuwa na ng'ombe wengi, alichimba visima, alikuwa na wakulima milimani. Alianza kutawala akiwa na miaka 16, akatawala miaka 52. Maandiko hayamlaumu popote kwa ajili ya ng'ombe wale. Shida ilikuja alipokuwa na nguvu: aliingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi iliyokuwa ya makuhani. Azaria na makuhani 80 wakamzuia, yeye akawakasirikia, na ukoma ukamtokea kwenye paji la uso chetezo kikiwa bado mkononi.

Kosa hilo lipo makanisani hata leo, ingawa hakuna chetezo. Mtu amefaulu katika biashara, basi anadhani amefaulu katika yote: nani ahubiri, kwaya gani iimbe, mchungaji yupi ahamishwe. Tena mara nyingi hakujipeleka mwenyewe. Baraza la wazee ndilo lililomwita, kwa sababu mabati ya kanisa yalikuwa hayajalipiwa.

Mfano mwingine uko upande wa pili wa Ziwa Kivu. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, alianzisha mwaka 1999 hospitali ya Panzi huko Bukavu, ambayo ni ya jumuiya ya CEPAC. Habari ya tuzo ya Nobel ya Amani ilipofika, tarehe 5 Oktoba 2018, alikuwa katika chumba cha upasuaji. Watu wengi wanakumbuka hilo, na ni jambo zuri kukumbuka. Sisi tunapenda zaidi jambo lililotangulia. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake, mlinzi wake akauawa, naye akakimbilia Ulaya na jamaa yake. Wakati ule alikwisha kupewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu, mwaka 2008. Akina mama, wengi wao maskini kabisa, wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili wapate pesa za tiketi yake ya ndege. Januari 2013 akarudi.

Tajiri kuwapa maskini, hilo tunalijua na tunalipigia makofi. Mtu mkubwa kukubali kwamba ana deni kwa muuza nanasi, hilo ni gumu zaidi, na ndilo tunaloita unyenyekevu. Kujidharau mbele ya watu, kusema "mimi si kitu" huku ukingoja wakukatalie, ni kitu kingine.

Kwa hiyo, kijana mwenye diploma, kabla ya sherehe nenda kwa shangazi aliyeuza mbuzi ili ulipiwe masomo. Mwambie mbele ya watoto wake. Mama wa lori, usitoke katika likelemba yako ya zamani. Wale wanawake walikuona ukiwa na bakuli moja, na wataweza kukuambia ukweli siku ambayo sisi wengine tutaogopa. Na muziki wa usiku kucha, jirani akiwa anaomboleza, tena katika nchi yenye bunduki nyingi hivi, hauna busara hata kidogo.

Nao wazee, wanapopanga viti vya sikukuu ya mavuno, wasome kwanza Yakobo sura ya 2, halafu waamue nani akae mbele.