Stesheni ya Kibera na Deni la Askari

Katika viunga vya Nairobi, mji mkuu wa nchi jirani ya Kenya, ipo stesheni ndogo ya reli iitwayo Kibera. Msafiri apitaye hapo huona mapaa ya mabati yaliyosongamana kandokando ya njia, asijue kwamba ardhi hiyo ilikuwa makao ya askari.

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Waingereza waliitaka reli hiyo ili waidhibiti Uganda, na miongoni mwa waliowatumikia kwa bunduki walikuwamo askari wenye asili ya Sudan. Mwaka 1902 jeshi la K.A.R., yaani Keya, lilipoundwa, askari hao waliingizwa humo.

Walipomaliza utumishi hawakupewa pensheni. Waliruhusiwa tu kujenga katika msitu, nao wakauita kwa Kinubi "Kibra", maana yake msitu. Mwaka 1918 mkoloni alitangaza eka 4,197 za hapo kuwa hifadhi ya jeshi. Lakini ruhusa si hati. Askari alipata pa kulala, hakupata cha kumrithisha mwanawe.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, deni hilo lilibaki. Watu wa makabila mengine walihamia, vibanda vikasogea hadi ukingoni mwa reli, na wajukuu wa Keya wakawa wanahojiwa uraia wao. Mwezi Machi 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba haki ya uraia ya watoto wa Kinubi ilikuwa imevunjwa. Mwezi Juni 2017 jumuiya yao ilikabidhiwa hati ya eka 288, isiyofikia hata moja ya kumi ya zile za mwanzo.

Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, reli iling'olewa hapo Kibera. Treni za kwenda Uganda zikasimama. Kwa kuwa barabara nazo zilizibwa, mafuta yaliadimika Uganda na Rwanda. Kipande kifupi cha chuma kilitikisa nchi zisizohusika na ugomvi huo.

Basi mlinzi wa reli halindi chuma tu. Hulinda riziki ya majirani. Na dola imtumayo askari, kisha ikamsahau, huwaachia wajukuu deni ambalo bunduki haiwezi kulilipa.