Kompyuta 14, Seva Moja

Wanachama wengi wanaoingia kwa mara ya kwanza katika chumba cha mafunzo cha tawi letu hapa Mpika huuliza swali lile lile: mbona kompyuta hizi hazina diski? Fundi mmoja wa karakana alifungua moja kwa bisibisi, akachungulia ndani, akatangaza kwamba tumeuziwa maboksi matupu. Hatukuuziwa. Tulipewa bure na ofisi moja iliyokuwa ikinunua mpya, na kabla ya kutupa iling'oa diski zote kwa ajili ya siri za kazi zake. Fedha za kununulia diski 14 tawi halikuwa nazo. Ndipo halmashauri ilipoamua kompyuta zote ziwashwe kupitia mtandao kutoka kwenye seva moja. Kwa kuwa ndugu wa matawi mengine wameandika kutaka kujua jinsi tulivyofanya, inafaa tueleze yote, pamoja na kosa letu wenyewe ambalo liliwagharimu wanachama.

Jambo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliuza kompyuta zisizo na diski, kwa sababu diski wakati huo ilikuwa kitu cha bei kubwa. Mwezi Septemba 1985 Bill Croft wa Chuo Kikuu cha Stanford na John Gilmore wa Sun walitoa kanuni iitwayo BOOTP, ambayo inaiwezesha kompyuta isiyojua hata anwani yake kuuliza mtandaoni ikajibiwa. DHCP ya mwaka 1993 ilitokana na kanuni hiyo. Baadaye Intel walileta PXE, ambayo sasa imo ndani ya karibu kila kompyuta ya ofisini, na mwaka 1999 Jim McQuillan wa Marekani alianzisha mradi wa LTSP, ambao programu zake hazilipiwi. Huo ndio tunaoutumia. Katika Afrika ya Kusini vyumba vya tuXlab, vilivyowekwa mashuleni na Shuttleworth Foundation katika miaka ya 2000, vilitumia LTSP hiyo hiyo.

Kazi inakwenda hivi. Mwanachama anapobonyeza kitufe, kompyuta haina cha kusoma. Kadi yake ya mtandao hupeleka wito kwenye waya: nani atanipa anwani? Seva hujibu kwa DHCP, ikiipa anwani pamoja na jina la faili la kuanzia. Kompyuta hulichukua faili hilo kwa njia iitwayo TFTP, kisha huchukua kiini cha mfumo, na kiini kikishaamka huiunganisha diski ya seva kupitia waya kana kwamba ni diski yake. Hapo mwanachama huona mahali pa kuandika jina na neno lake la siri. Kompyuta za aina mpya, zenye UEFI, huomba faili tofauti na lile la BIOS ya zamani, kwa hiyo seva haina budi kuwa na yote mawili. TFTP kwa asili yake hubeba vipande vya baiti 512 kimoja kimoja, wala haimuulizi mtu neno la siri. Isiachwe ionekane nje. Seva yetu ina kadi mbili za mtandao, moja imeelekea kwenye intaneti na nyingine imeelekea chumbani tu.

Mahesabu na uandishi hufanywa na kompyuta yenyewe iliyo mbele ya mwanachama, kwa hiyo kila moja tuliiwekea kumbukumbu ya gigabaiti 2 au zaidi. Seva ni kompyuta ya kawaida ya ofisi yenye gigabaiti 16. Fedha tulizokuwa nazo tulizitumia kwenye vitu viwili ambavyo watu hupenda kuvibania: swichi nzuri na betri ya akiba. Tazama hesabu. Kama kila kompyuta inasoma megabaiti 300 katika kuamka, zote 14 ni megabaiti 4,200. Swichi ya zamani ya megabiti 100 hupitisha kama megabaiti 12 kwa sekunde, yaani karibu dakika 6 watu wakiwa wamekaa wanatazama kioo cheusi. Swichi ya gigabiti 1 huimaliza kazi hiyo kwa muda usiofika dakika moja, ikiwa diski ya seva nayo ina mbio. Ama betri, mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba na umeme wa nchi ukawa wa mgao, ndiyo iliyotuokoa. Kompyuta za wanachama zikizimika ghafla zenyewe haziharibikiwi kitu, maana hazina diski. Seva ikizimika ghafla ni habari nyingine. Umeme ukirudi, ngojeni seva iamke kwanza, kisha washeni kompyuta nne nne.

KIOO KINAPOSEMA HAPANA

Kompyuta isipoamka, isomeni namba inayoandikwa kwenye kioo kabla ya kufungua kitu chochote. PXE-E61 maana yake haioni waya. Uchomoeni na kuuchomeka tena, au badilisheni. PXE-E51 maana yake waya upo lakini hakuna aliyetoa anwani, basi nendeni kwenye seva mkaangalie kama huduma ya DHCP imesimama. PXE-E32 maana yake jina la faili limepatikana lakini TFTP haijibu.

PXE-E53 ndiyo iliyotusumbua kuliko zote. Maana yake anwani imetolewa lakini bila jina la faili. Siku hiyo tulitafuta nusu siku nzima, tukaanza hata kusimika seva upya. Kumbe kijana mmoja alikuwa ameleta ruta kutoka kwao akaichomeka kwenye swichi yetu ili apate mtandao wa simu. Ruta ile nayo inagawa anwani, na ilikuwa ikijibu haraka kuliko seva. Tangu siku hiyo matundu yasiyotumika kwenye swichi yamezibwa kwa utepe. Ni dawa ya kienyeji lakini inafanya kazi.

Mfumo tunaubadilisha mara moja kwa mwezi, kamwe si siku ya darasa. Nakala mpya hujaribiwa kwenye kompyuta moja kwa siku mbili, na ile ya zamani haifutwi mpaka mwezi unaofuata.

SIKU 19

Sasa kosa letu. Seva ina diski mbili zinazoandikwa pamoja, na tulidhani hiyo inatosha. Mtunzaji nilikuwa mimi peke yangu. Neno la siri nililijua mimi, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu. Nikalazwa hospitali. Siku ya tatu diski zikajaa, kwa sababu hatukuwa tumemwekea kila mwanachama kiwango cha nafasi yake, na diski ikijaa hakuna anayeweza kuingia. Chumba kilifungwa siku 19.

Ndani ya seva zilikuwamo karatasi za ndugu 11 waliokuwa wakistaafu: tarehe za kuajiriwa, vyeo, mishahara ya kila mwaka, kazi waliyoiandika kwa majuma mengi ili kudai malipo yao. Mwisho wa kupeleka madai ulikuwa mwisho wa mwezi. Saba waliandika upya kwa mkono, usiku, wakafaulu. Wanne walichelewa, nao mwajiri akawaambia wangoje awamu nyingine.

Niliporudi, kazi ya kuifungua seva ilichukua dakika 20.

Sasa watunzaji ni watatu. Mmoja ni mama wa idara ya stoo, na katika mambo ya seva amekwisha kunipita. Neno la siri limo katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kwenye sefu ya katibu wa tawi. Kila kitu kinachofanywa huandikwa katika daftari, kwa Kiswahili na kwa Kibemba. Kila Ijumaa nakala ya kazi za wanachama huwekwa kwenye diski ya nje, ambayo hailali katika jengo hilo. Na kila miezi mitatu tunairudisha nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine kuona kama inafunguka, maana mara ya kwanza haikufunguka.

Lililobaki ni malipo. Uongozi unasema kazi hii ni ya kujitolea. Mimi nasema chama kinachodai malipo ya saa za ziada kwa waajiri hakiwezi kuwaita watunzaji wake saa nne za usiku bila hata nauli. Hoja hiyo imo katika ajenda ya mkutano ujao wa tawi, pamoja na suala la wale ndugu wanne, ambao bado wanangoja.