Kistari Ndani ya Herufi

Saa ya chakula cha mchana, Bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi hugeuka kanisa lisilo na paa. Wahubiri husimama chini ya miti, na watu wa maofisini huketi kusikiliza, au kusinzia tu. Dakika chache kwa miguu kutoka hapo, Msikiti wa Jamia umepakana na Maktaba ya McMillan kwenye Mtaa wa Banda. Kati ya imani hizi mbili umepita ubishi mmoja kwa miongo kadhaa, ukichochewa na mihadhara ya kulinganisha dini na vijitabu vya mhubiri wa Kiislamu Ahmed Deedat wa Durban vilivyoenea Afrika Mashariki. Upande mmoja husema Biblia imechakachuliwa, kwa hiyo Uungu wa Yesu ni nyongeza ya watu. Upande wa pili hujibu kwamba Biblia haikubadilika hata nukta, kwa hiyo Yesu ni Mungu. Ushahidi wa hati za kale unayakataa madai yote mawili, na unaikataa pia ile “kwa hiyo” inayoyafuata. Hati zinatosha kabisa kutuonyesha Wakristo wa mwanzo walimwamini Yesu kuwa nani. Kama waliamini sawasawa, hilo haliko katika uwezo wa mafunjo wala ngozi.

Tuanze na hoja nzito kuliko zote za wanaoishtaki Biblia, maana haifai kukimbiwa. Chukua Biblia mbili za Kiswahili, ile ya Union Version ya mwaka 1952 na ile ya Habari Njema, ufungue Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, aya ya 7 na ya 8. Katika Union Version utakuta maneno kuhusu mashahidi watatu wa mbinguni yametiwa ndani ya mabano. Katika Habari Njema hayamo. Hii ndiyo aya iliyotaja Utatu waziwazi kuliko nyingine yoyote, na Deedat aliishikilia kwa furaha ya mtu aliyeokota ufunguo. Kuhusu aya yenyewe hakukosea. Maneno hayo yalianzia katika Biblia za Kilatini, na hati za kale za Kigiriki hazina. Msomi Erasmus alipochapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 aliyaacha, akalaumiwa sana. Mwaka 1522, katika toleo lake la tatu, aliyaingiza baada ya kuonyeshwa hati moja ya Kigiriki yenye maneno hayo. Hati hiyo iko Dublin hadi leo, na wataalamu wanaiona kuwa iliandikwa katika karne ileile ya Erasmus. Kutoka hapo maneno yakapenya hadi Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, na wahubiri wengi wakadhani yalikuwepo tangu mwanzo.

Lakini jiulize nyongeza hiyo iligunduliwaje. Hakuna nabii aliyeshushiwa habari, wala hakuna adui wa Kanisa aliyeiba siri ya Roma. Wakristo wenyewe walilinganisha nakala na nakala, wakaona kwamba zile za Misri, za Siria na za Ugiriki hazina maneno hayo. Aliyeongeza kitu katika nakala moja hakuweza kuzifikia nyingine zilizokwisha kusambaa. Kwa hiyo mfano ambao watu hupenda kuutaja kama dalili kwamba maandiko yamepotea ndio unaoonyesha jinsi ilivyo vigumu kuyapoteza. Katika vyuo vya thiolojia vya Karen na Lang'ata jambo hili si siri hata kidogo. Anayesoma Kigiriki huko hutumia matoleo ambayo kila ukurasa una orodha ya tofauti za hati chini yake. Kutoka Karen hadi Kawangware si safari ndefu, lakini elimu hii hupanda matatu kwa nadra. Mchungaji anayeijua akainyamazia mimbarani anamwachia mwanamihadhara nafasi ya kuwa wa kwanza kuwaambia waumini.

Pingamizi linalofuata ni la hesabu. Hati za Kigiriki za Agano Jipya zinazojulikana ni zaidi ya 5,000, na wanaozihesabu tofauti zake hukadiria kwamba zinafika laki kadhaa, pengine nusu milioni, yaani tofauti nyingi kuliko maneno ya kitabu chenyewe. Idadi hiyo hutisha mpaka uone imetokana na nini. Ukiwa na nakala moja tu, huna tofauti hata moja. Kila nakala mpya inayopatikana huleta tofauti zake, na papo hapo huleta shahidi wa kupima nakala zilizotangulia. Sehemu kubwa ya tofauti ni za tahajia, mpangilio wa maneno, au mstari ulioruka machoni mwa mnakili aliyechoka. Wasomaji wa Kiswahili tunalijua jambo hili kwa karibu. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ulitufikia kwa nakala za mkono zinazotofautiana katika maneno, katika idadi ya beti na katika mpangilio wake. Wahariri kama William Hichens, aliyeutoa mwaka 1939, walilazimika kuchagua, na walitegemea wanakili kama Muhamadi Kijumwa wa Lamu, ambaye kazi yake nzuri haimaanishi kwamba kila herufi yake ni ya mtunzi. Hata hivyo hakuna mtu anayesema hatujui Al-Inkishafi inazungumzia nini. Hakuna nakala ambayo ndani yake magofu ya Pate yamegeuka kuwa sifa za anasa.

Pengo la wakati ni pingamizi zito zaidi, na watetezi wa Biblia hulipuuza kwa urahisi mno. Hakuna kitabu chochote cha Agano Jipya ambacho nakala yake ya kwanza ipo. Kipande kinachotajwa sana, P52, kilichoko Manchester, kinaingia katika kiganja cha mkono na kina mistari michache tu ya Injili ya Yohana, sura ya 18. Kwa miaka mingi kilisemwa kuwa cha mwaka 125 hivi. Siku hizi wanaochunguza mwandiko wanatahadharisha kwamba namna za uandishi hukaa muda mrefu, na kwamba huenda ni cha baadaye katika karne ya 2 au hata ya 3. Mhubiri anayeitaja 125 kana kwamba imechapwa kwenye kipande chenyewe anajenga juu ya mchanga. Tena, nyingi kati ya hizo hati 5,000 na zaidi ni za baada ya mwaka 800, kwa hiyo wingi wake hautusaidii sana kuhusu karne za mwanzo.

Tunachobaki nacho, ukishaondoa chumvi, bado ni kingi. Hati ya P46, ambayo kurasa zake zimegawanywa kati ya Dublin na Michigan, ina nyaraka nyingi za Paulo, na kwa kawaida huwekwa karibu na mwaka 200. Kodeksi (yaani hati yenye umbo la kitabu) ya Vatikano na ile ya Sinai ni za karne ya 4. Jirani zetu wa kaskazini wana shahidi wao pia: vitabu vya Injili vya monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa, Ethiopia, vimeandikwa kwa Kigeezi, na vipimo vya kaboni huviweka kati ya karne ya 4 na ya 7. Tafsiri za kale za Kilatini, Kisiria, Kikopti na Kigeezi zilikwenda njia tofauti, chini ya wafalme tofauti, baadaye hata chini ya makanisa yaliyofarakana. Aliyetaka kubadilisha fundisho zima angelazimika kuingia katika kila moja ya nyumba hizo usiku mmoja.

Sasa tuje kwenye aya zinazogusa Uungu wa Yesu hasa, kwa sababu hapo wanakili walitiwa majaribuni. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, 3:16, unasema juu ya aliyedhihirishwa katika mwili. Je, ni “ambaye” au ni “Mungu”? Kwa Kigiriki cha herufi kubwa “ambaye” huandikwa ΟΣ. Neno “Mungu”, kwa desturi ya Wakristo ya kufupisha majina matakatifu, huandikwa ΘΣ likiwa na kistari juu. Tofauti ni kistari kimoja ndani ya herufi na kingine juu yake. Katika Kodeksi ya Sinai mwandishi wa kwanza aliandika “ambaye”, na mkono wa baadaye ukaongeza herufi ndogo juu ili lisomeke “Mungu”. Kodeksi hiyo iko kwenye intaneti tangu mwaka 2009, na aliyeketi Jeevanjee na simu yake anaweza kuyaona masahihisho hayo kwa macho yake. Mtaalamu wa Marekani Bart Ehrman ameandika kitabu kizima, mwaka 1993, kuhusu mahali ambapo wanakili wa mafundisho rasmi waliyasukuma maandiko upande wao, na katika mfano huu hoja yake ina nguvu.

Ila mizani haikuelemea upande mmoja. Katika Yohana 1:18 hati za kale zaidi, zikiwemo mafunjo ya P66 na P75 pamoja na kodeksi za Sinai na Vatikano, zinamwita Yesu kwa neno “Mungu”, na ni hati nyingi za baadaye zinazosema “Mwana” tu. Hapo wakati ulipunguza cheo, haukukiongeza. Ukiondoa kila aya yenye utata, hata zile zinazompandisha Yesu, bado unabaki na wimbo wa Wafilipi sura ya 2, na mahali pale katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, 8:6, ambapo Paulo anamtaja Yesu kama Bwana mmoja kando ya Mungu mmoja, na neno la Kiaramu Maranatha mwishoni mwa waraka huohuo, dua ya kumwita Bwana aje. Nyaraka hizi ziliandikwa katika miaka ya 50 au mwanzoni mwa miaka ya 60, na karibu wasomi wote, wawe waumini au wasiwe, hukubali kwamba ni za Paulo mwenyewe.

Hapa ndipo hadithi inayopendwa mtaani, kwamba Mfalme Konstantino alimfanya Yesu kuwa Mungu kwenye Mtaguso wa Nikea mwaka 325, inapokosa pa kusimama. P46 ilikuwa imekauka wino zaidi ya karne moja kabla ya mtaguso huo. Karibu mwaka 112, gavana Plinio alimwandikia Kaisari Trajano kwamba Wakristo wa jimbo lake hukutana kabla ya mapambazuko kumwimbia Kristo kama mungu. Naye hakuwa na sababu ya kuwapamba. (Na wanaodharau hati za Injili wajue kwamba barua hiyo ilitufikia kupitia hati moja ya kale tu, ambayo sehemu yake hiyo haipo tena.) Kisha kuna vile vistari. Katika mafunjo ya zamani kabisa ya Kikristo, jina la Yesu hufupishwa na kuwekewa kistari juu, sawasawa na lilivyo neno “Mungu” na neno “Bwana”. Hakuna mtaguso ulioamuru hivyo. Ni desturi ya wanakili wenyewe, na inaonyesha waliliheshimu jina hilo kwa kiwango gani kabla ya kupata neno la falsafa la kulieleza. Nikea ilibishania namna Mwana alivyo Mungu. Kumwabudu kwenyewe kulikuwa kumeshazeeka.

Mkristo asishangilie upesi, kwa sababu hoja hii inakwenda hadi hapo tu. Hati zinathibitisha kwamba watu walimwabudu Yesu mapema; hazithibitishi kwamba Yesu aliwaambia wamwabudu, wala kwamba walikuwa sahihi. Marko anasimulia kwa sauti tofauti na Yohana, na tofauti hiyo imo ndani ya vitabu vyenyewe, haikutokana na wanakili. Hata mwisho wa Marko una lake: kodeksi za Sinai na Vatikano zinaishia sura ya 16, aya ya 8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Anayeuliza jinsi mafundisho yalivyokua kutoka Galilaya hadi Paulo anauliza swali la haki, lakini ni swali la historia na imani, na hata tungepata kesho mswada wa Paulo mwenyewe haungelijibu.

Wanazuoni wa Kiislamu wa kale walitofautisha jambo hili vizuri kuliko wanamihadhara wengi wa leo. Waliongea juu ya tahrifu ya lafudhi, yaani kubadilishwa kwa maneno, na tahrifu ya maana, yaani maneno yaleyale kueleweka isivyo. Ushahidi wa hati unaidhoofisha sana ile ya kwanza kama shtaka la jumla, na hauigusi ile ya pili. Muislamu anayesema Wakristo walimwelewa Isa vibaya hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyefuta aya. Ubishi wa kweli uko kwenye maana, na hapo Kiswahili chenyewe kimeshachagua upande bila wengi kutambua. Neno “Bwana” la Kiswahili bado halina upande: ni Mungu, mume, tajiri wa mtumwa na abiria wa kiti cha mbele, lina maana nyingi kama lilivyokuwa neno la Kigiriki lililotafsiriwa. Ila “Neno”, ambalo kwa kanuni za sarufi lingepaswa kuwa “lilikuwako”, katika Yohana 1 watafsiri wa Union Version walilipa kiambishi cha mtu, “alikuwako”, wakamfanya kuwa nafsi kabla mwandishi hajafika aya ya 14. Na ile M kubwa au m ndogo ambayo Mashahidi wa Yehova na makanisa mengine huigombania katika neno “Mungu” mwishoni mwa aya ya kwanza haimo katika hati yoyote ya kale, kwa kuwa wakati huo herufi zote zilikuwa kubwa.