Soya na Seli Zinazojenga Mfupa

Muhula uliopita mwanafunzi wa mwaka wa pili alinijia ofisini akiwa na pakiti ya unga. Nyuma ya pakiti iliandikwa kwa Kiswahili kwamba unga huo wa soya "unajenga mifupa upya." Mama yake, aliyevunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu uani, alikuwa ameanza kuunywa na kuviacha vidonge alivyopewa hospitalini. Mwanafunzi hakuja kuniuliza habari za tiba. Alitaka kujua kama sentensi ile ni sahihi. Kisarufi haina kosa. Kuhusu maana yake ilinibidi nisome kwanza, na niliyoyapata ndiyo ninayoyaeleza hapa.

Wengi wetu hudhani mfupa ni kitu kikavu kisichobadilika, kama boriti ya nyumba. Sivyo. Mfupa una uhai, unapitisha damu, na hubomolewa na kujengwa maisha yote. Kwa mtu mzima, takriban sehemu 1 kati ya 10 ya mifupa yake hufanywa upya kila mwaka. Kazi hiyo ina mafundi wa aina mbili. Osteoklasti ni seli kubwa zenye viini vingi. Humwaga asidi na vimeng'enya juu ya mfupa mkuukuu na kuuyeyusha mpaka pakabaki kishimo. Kisha huja osteoblasti, na hizi ndizo seli jenzi. Hutandaza nyuzi za protini iitwayo kolajeni, halafu madini ya kalsiamu na fosfati huganda juu ya nyuzi hizo na kuzifanya ngumu. Kuchimba kishimo huchukua wiki chache. Kukijaza huchukua miezi. Baadhi ya mafundi hao hufukiwa ndani ya ukuta wanaoujenga wenyewe, wakageuka kuwa osteosaiti, seli zinazohisi uzito unaobebwa na mfupa na kutoa habari ni wapi panahitaji ukarabati.

Jambo la kushangaza ni kwamba anayemwita mbomoaji ni mjenzi mwenyewe. Osteoblasti na jamaa zake hutoa protini inayoamsha osteoklasti, na hutoa pia nyingine, osteoprotegerini, iliyogunduliwa mwaka 1997, ambayo huinasa ile ya kwanza kabla haijafika. Homoni ya estrojeni husaidia kuweka mizani hiyo sawa. Mwanamke anapokoma hedhi estrojeni hushuka, ubomoaji ukaupita ujenzi, na baada ya miaka kadhaa mfupa hubaki na matundu mengi kama sifongo. Mkono wa yule mama haukuvunjwa na kuteleza peke yake.

Hapo ndipo soya inapoingia. Ndani ya maharage yake mna viambata viitwavyo isoflavoni, hasa jenisteini na daidzeini. Umbo lake linakaribiana na la estrojeni kiasi cha kuingia katika vipokezi vya homoni hiyo, kama ufunguo wa jirani unaoingia kwenye kufuli lako ingawa hauzunguki vizuri. Mwaka 1996 watafiti wa Sweden walitangaza kuwa estrojeni ina kipokezi cha pili, kilichopewa jina la beta. Jenisteini hushikana na hicho cha beta vizuri kuliko kile cha kwanza, cha alfa. Seli jenzi za mfupa zina vyote viwili.

Katika maabara seli hizo huchukuliwa mara nyingi kutoka kwenye fuvu la panya mchanga na kukuzwa ndani ya sahani. Zikitiwa jenisteini kidogo, hutoa kwa wingi kimeng'enya cha alkali fosfatesi, ambacho ni dalili kwamba zimekomaa na zinafanya kazi. Baada ya wiki kadhaa huonekana punje za madini, na mtafiti huzipaka rangi ya alizarini ili zing'ae nyekundu.

Niruhusu nitoke kando kidogo, maana rangi hiyo nayo awali ilitoka kwenye mmea, katika mizizi ya Rubia tinctorum iliyotumiwa kutia nguo rangi. Mwaka 1736 John Belchier, daktari mpasuaji wa London, aliandika kwamba mifupa ya nguruwe waliolishwa masalia ya mizizi hiyo ilikuwa imegeuka nyekundu. Baadaye Mfaransa Duhamel du Monceau aliwalisha wanyama mizizi hiyo kwa kupokezana na chakula cha kawaida, akaona tabaka nyekundu na nyeupe ndani ya mfupa. Kilichopakwa rangi ni mfupa mpya tu. Kwa hiyo mmea ule haukujenga chochote, bali ulituonyesha mahali ambapo ujenzi unaendelea.

Turudi kwenye sahani. Watafiti walipozidisha jenisteini, mambo yaligeuka. Seli jenzi zilipunguza kazi, na zile seli mama zinazoweza kuwa ama osteoblasti ama seli za mafuta zikaelekea zaidi upande wa mafuta. Sababu mojawapo ni kwamba jenisteini nyingi huzuia vimeng'enya ambavyo seli huvitumia kupashana habari za kukua. Kiambata ni kilekile na seli ni zilezile. Kilichobadilika ni kipimo. Pakiti aliyoniletea mwanafunzi haikutaja kipimo chochote.

Tena, mwili wa mtu si sahani. Katika maharage isoflavoni zimefungwa pamoja na sukari. Bakteria wa utumbo huitenga sukari hiyo, kisha utumbo na ini hugeuza sehemu kubwa ya jenisteini kuwa umbo lisilo na nguvu ileile. Daidzeini nayo hugeuzwa na bakteria kuwa ekuoli, yenye nguvu zaidi, lakini si kila tumbo lina bakteria hao. Miongoni mwa watu wa nchi za Magharibi, wanaoweza kutengeneza ekuoli ni takriban theluthi moja au pungufu. Katika Asia ya Mashariki hufikia nusu na zaidi. Majirani wawili wanaweza kunywa uji wa sufuria moja, na kila mmoja akapata kitu tofauti.

Ndiyo maana majaribio kwa binadamu yamepishana. Ipriflavoni, iliyotengenezwa kiwandani kwa kufuata umbo la isoflavoni, ilijaribiwa Ulaya kwa wanawake 474 kwa miaka 3. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa haikuzuia mifupa kupungua, na baadhi yao walipungukiwa na seli nyeupe za damu. Mwaka 2007 Waitalia walitoa habari njema zaidi: kati ya wanawake 389 ambao mifupa yao ilikuwa imeanza kupungua, waliopewa miligramu 54 za jenisteini kwa siku kwa miaka 2, pamoja na kalsiamu na vitamini D, waliongezeka madini ya mifupa. Lakini mwaka 2011, huko Miami, Marekani, wanawake 248 walipojaribiwa kwa miligramu 200 za isoflavoni za soya kwa siku, muda uleule wa miaka 2, waliozimeza hawakuwa na nafuu kuliko wasiozimeza.

Soya yenyewe ni chakula kizuri. Hapa Uganda Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa mbegu ya Maksoy 1N mwaka 2004 baada ya kutu ya soya kuwaharibia wakulima mazao, na protini yake inafaa hata kwa mfupa, kwani kolajeni ni protini. Ninachokipinga ni kitenzi. Anayejenga ni osteoblasti. Soya, ikibahatika kufika kwa kipimo kinachofaa, humnong'oneza tu fundi. Nilimwambia mwanafunzi kwamba sentensi ya kwenye pakiti imempa kazi mtendaji asiye wake, na kwamba mama arudi kwa daktari upesi.

Alirudi, pakiti mkononi. Daktari alimrudisha kwenye vidonge vyake, akampima, akamruhusu aendelee na uji akipenda. Anaendelea nao asubuhi, ila siku ya kidonge hungoja kwanza nusu saa kama alivyoelekezwa.